Sanduku la juzuu thelathini: wakfu wa mwenzenu wa darasa, na pale linapoharibika

Akifariki mtu mzima, nyuma yake wako watoto wa kumsomea. Akifariki kijana wa miaka kumi na saba, au ishirini na mbili, hajaoa wala hajawa na chake, wanaobaki ni wazee wake na wale aliokaa nao dawati moja. Ndiyo maana maduka ya vitabu vya dini mjini Unguja, na Chake na Wete kule Pemba vile vile, hayakosi mteja wa aina hii: vijana watatu au wanne, mmoja kashika orodha ya michango kwenye simu, wanaulizia sanduku la juzuu, yaani Kurani iliyogawanywa vitabu thelathini. Nia yao ni kulitia kwenye chuo cha Kurani walikosoma pamoja na marehemu, lisomewe hitima ya arubaini, yaani Kurani nzima isomwe siku ya arubaini ya kifo, kisha libaki pale pale liwe wakfu, sadaka ya kudumu isiyouzwa.

Nia ni nzuri na bidhaa ni nzuri. Hadithi inayojulikana na wote inasema mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumwombea. Kijana aliyeondoka mapema, la tatu hakuliwahi. La kwanza wenzake wanaweza kumfanyia. Wapo masheikh wasioikubali hitima ya kukusanyika na kula pilau, na hoja zao wanazo. Lakini juzuu iliyowekwa wakfu mtoto akaisomea, hapo hatujasikia ugomvi.

Tabu iko kwenye sanduku lenyewe. Mengi yanayouzwa hayafiki masika ya tatu yakiwa na juzuu zote thelathini, na sanduku lenye juzuu ishirini na tisa halihitimishi kitu. Hatutaji duka wala mchapishaji, kwa sababu sanduku la sura moja huuzwa na maduka mengi, na mzigo wa mwezi huu si wa mwezi ujao. Tunachokipima hapa ni aina, na namna ya kuikagua ukiwa umesimama mbele ya meza ya muuzaji.

Anzeni na mshono, kabla ya rangi ya sanduku na kabla ya bei. Juzuu za bei ya chini hufungwa kwa pini mbili za chuma, kama daftari la skuli. Kwa nchi kavu hazina neno. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini huanza kutu kwenye masika ya kwanza. Kutu huacha doa la rangi ya chai kwenye mkunjo, karatasi inayozunguka pini inalainika, na siku moja karatasi ya katikati inachomoka peke yake. Ile karatasi moja iliyokunjwa ni kurasa nne, yaani moja ya tano ya juzuu nzima. Msomaji wa haraka hupita juu yake bila kugutuka, kwani mara nyingi mstari wa mwisho wa ukurasa unaishia na aya, na ukurasa ulio mbele yake nao unaanza na aya. Hakuna sentensi iliyokatika ya kumshtua.

Juzuu zilizobandikwa kwa gundi tupu ni mbaya zaidi ya hizo. Kitabu chembamba hivi hakina mgongo wa kuishika gundi. Ukikifungua na kukilaza mara ishirini, kurasa zinaanza kutoka moja moja. Kinachofaa ni uzi. Fungua juzuu katikati, tazama mkunjo: ukiona uzi mweupe umepita mara tatu au nne, hapo pana kazi. Ukiona pini, gusa ncha zake kwa kidole. Zikiwa zimesimama badala ya kulala, zitachana pia juzuu ya jirani ndani ya sanduku.

Tofauti ya bei baina ya pini na uzi mtaiona dukani na itawastua kidogo. Igawanyeni kwa idadi ya wanadarasa kabla ya kuvunjika moyo. Kwa darasa la watu arubaini huwa ni nauli ya daladala ya siku chache.

Jambo la pili ni chapa, na hapa ndipo watu wengi hawajui wanachonunua. Vyuoni kwetu kuna hati mbili. Iko ya Madina, yenye kurasa 604 na mistari 15 kila ukurasa, na iko ya Kihindi, yenye maandishi mazito na alama zake tofauti za madda na sukuni. Mtoto aliyeanzia moja huikwaa nyingine: hamza ya kuunganisha imeandikwa vingine, tanwini imekaa vingine. Kwa hiyo msinunue ile mliyoizoea nyinyi. Nendeni chuoni kwanza, muulizeni mwalimu leo anasomesha ipi. Inawezekana imebadilika tangu enzi zenu na za marehemu.

Kama ni ya Madina, ukaguzi ni mwepesi kwa sababu namba za kurasa zinaendelea kutoka juzuu moja hadi nyingine. Juzuu kwa kawaida ni kurasa 20. Ya kwanza ina 21, ya thelathini ina 23, kuanzia 582 mpaka 604. Ya pili inaanza 22, ya tatu 42, ya nne 62. Juzuu mbili za kuangaliwa kwa makini ni ya 7 na ya 11: hizo hazianzi juu ya ukurasa, zinaanza kwa aya ya mwisho kabisa ya ukurasa wa 121 na wa 201. Mchapishaji mwangalifu huurudia ukurasa huo kwenye vitabu vyote viwili, mwisho wa ya sita na mwanzo wa ya saba. Mvivu huuweka upande mmoja tu, na msomaji wa upande wa pili haelewi aanzie au aishie wapi. Ukikuta ukurasa wa 121 umo kote kuwili, hilo ni sanduku la mtu anayeijua kazi yake, na pengine mengine yote yako sawa.

Hesabuni juzuu hapo hapo dukani, moja moja, kwa kusoma namba ya kila gamba, yaani jalada. Kuhesabu idadi peke yake hakutoshi. Kosa la kiwandani tunalolijua sana ni namba inayojirudia: zipo thelathini kamili, lakini ya 7 zimo mbili na ya 17 haimo. Kosa hilo huonekana siku ya hitima, watu washakaa kwenye jamvi, na hapo duka limefungwa.

Mkikuta pia msahafu au sanduku lenye maandishi ya Kiarabu ya kuwa ni wakfu na haliuzwi, liacheni. Hizo huwa ni zawadi za mahujaji zilizopotea njia. Kumnunulia maiti wakfu wa mtu mwingine ni jambo la kuchekesha, lisilochekesha.

Sanduku la nje ni la aina tatu. La katoni ngumu linavumilia kama halijalowa. Likilowa mara moja limekwisha. La ngozi bandia lenye zipu na mkono wa kubebea ndilo linalopendwa, maana linang'ara na lina maandishi ya dhahabu, nalo ndilo tunalolipa alama ndogo kabisa. Ile ngozi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na unyevu huimenya ikaanza kudondoka vipande vyeusi vyembamba mithili ya magamba ya samaki, vinavyoingia baina ya kurasa. Zipu ikiwa ya chuma, itaganda. Mkilazimika kuchukua hilo, zipu iwe ya plastiki.

Chaguo letu ni kununua juzuu zenye mshono mzuri na sanduku baya, kisha mkampa seremala kazi ya kutengeneza jengine la mbao, msaji au mfenesi uliokauka sawasawa. Mpeni juzuu tatu akapimie, asipime kwa kukisia. Juzuu za gamba jepesi thelathini zikisimama bega kwa bega hukamata nafasi ndogo kuliko mnavyodhani. Aongeze upana wa vidole viwili ili mkono uingie, na agawe ndani kwa vibao viwili, kumi kumi. Mgawo huo una faida kubwa: chumba kimoja kikipwaya, jicho linaona pengo kabla ya mtu kuhesabu. Kifuniko kisibane. Kitobolewe matundu madogo nyuma, hewa ipite. Varnishi ikauke wiki mbili kabla ya kutia kitabu, la sivyo magamba yatanata.

Ukungu nao una tabia zake. Hauji kwa mvua inayonyesha nje, unakuja kwa sanduku lililosukumwa mpaka kwenye ukuta wa mawe au wa chokaa. Acheni nafasi ya shubiri moja, na sanduku likae juu ya kibao, lisikae sakafuni. Msizivishe juzuu kava za plastiki kwa kuzihurumia, maana plastiki huuzuia unyevu ndani na gamba likaoza likiwa linang'ara. Vile vipakiti vidogo vyeupe vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vitieni vitatu au vinne, mvibadilishe kila baada ya miezi michache. Wengi hutia karafuu kwa ajili ya wadudu. Hakuna ubaya, ila ziwe kavu za kuvunjika kwa kucha na zikae kwenye kifuko cha kitambaa, kwani mafuta ya karafuu yakigusa karatasi yanaacha doa lisilotoka. Ukurasa ukichanika, selotepu haifai: baada ya muda hugeuka manjano, gundi yake ikatoka pembeni na kugandisha kurasa mbili pamoja. Na karatasi iliyokwisha kutoka isitupwe jaani, apewe mwalimu.

Sasa jina. Hili ndilo linalowaleta dukani, na ndilo linalofutika kwanza. Vibandiko vya rangi vinavyochapwa kwa kompyuta hupendeza siku ya kwanza. Gundi yake hukauka, pembe zikanyanyuka, na mtoto asiye na la kufanya hukimaliza kukibandua huku akimsikiliza mwenzake. Kalamu ya maka hupenya upande wa pili. Kalamu za wino laini hupakaza ikiwa mikono ina jasho. Kinachodumu ni muhuri wa mpira wenye wino wa mafuta, au kalamu ya kawaida nyeusi, na mahali pake ni ndani ya gamba la mbele, kwenye karatasi nene, si kwenye ukurasa wenye aya. Andikeni kwenye juzuu zote thelathini. Jina likiwa juu ya sanduku tu, siku juzuu ya 14 itakapookotwa msikiti wa pili hakuna atakayejua irudi wapi.

Maandishi yawe mafupi: ni wakfu, ni wa chuo gani, thawabu zimfikie nani. Jina liwe la majina matatu kwa bin au binti. Khamis Juma ni wengi mno katika mtaa mmoja. Jina la utani, lile mlilokuwa mkimwitia uwanjani, liacheni hata kama ndilo pekee linaloleta sura yake machoni. Badala ya miaka ya kuzaliwa na kufa, wengine huandika mwaka ambao darasa lilimaliza, na sisi tunaliona hilo ni zuri: anayelisoma anajua ni wenzake waliotoa. Picha msitie. Msikiti hautaipokea, na mwalimu ataibandua kwa adabu nyinyi mkiondoka.

Siku ya hitima yenyewe sanduku hupimwa kwa namna yake. Msomaji mzuri humaliza juzuu kwa nusu saa au dakika arubaini. Anayesoma kwa kusitasita hutaka saa nzima. Baina ya Magharibi na Isha muda ni saa moja na dakika chache, kwa hiyo ukiwategemea watu thelathini hasa, kila mmoja na yake, wale wazito watawachelewesha nyote. Alasiri ina nafasi zaidi. Na watu thelathini hawaji. Wakija ishirini na wawili, zinabaki nane; wapeni wepesi wa kusoma juzuu ya pili mapema, msingoje mpaka watu waanze kutazama mlango wa jikoni. Anayekwama humpa jirani sehemu iliyobaki kuanzia alama ya robo pembeni ya ukurasa: kila juzuu ya Madina ina robo nane, hivyo hakuna haja ya kukata kati ya kisa.

Kosa la siku hiyo ni moja na linarudi kila mara. Mtu anasoma nusu, simu inaita, anairudisha juzuu sandukuni ikiwa wima kama ambayo haijaguswa, au vibaya zaidi, kama iliyokwisha. Dawa ni desturi ya vyuo vya zamani: iliyosomwa ikamalizika hulazwa juu ya kifuniko, haisimamishwi tena ndani mpaka dua. Anayegawa awe mmoja, anayepokea awe yeye yule. Juzuu Amma, ile ya thelathini, wapeni watoto, wanaijua na inawapa heshima, lakini jueni kuwa hiyo ndiyo itakayochakaa mwanzo. Nunueni mbili za ziada siku ile ile ya kununua sanduku.

Na hapa tunafika kwenye kasoro tunayoiogopa kuliko kutu. Juzuu moja ikipotea, mtu mwema huleta nyingine kutoka nyumbani, akaitia kwenye pengo, namba ikatimia na kila mtu akaridhika. Kama aliyoleta ni ya hati nyengine, hitima huenda imetoboka na hakuna aliyeona. Mipaka ya juzuu katika chapa ya Madina na ya Kihindi haikutani kila mahali. Juzuu ya 4, kwa Madina, inaanza aya ya 93 ya Aali Imran; kwa Kihindi inaanza ya 92. Ya 7 ni aya ya 82 ya Al-Maida kwa Madina, ya 83 kwa Kihindi. Tofauti ya aya moja hapa, moja pale. Lakini tieni juzuu ya 20 ya Kihindi katika sanduku la Madina. Ya 19 inaishia aya ya 55 ya An-Naml, ya 20 mliyoazima inaanzia aya ya 60, na aya nne hazikusomwa na mtu. Mwisho wake tena inaishia aya ya 44 ya Al-Ankabut ilhali ya 21 inaanzia ya 46. Aya ya 45, iliyoruka, ni ile inayoamrisha kuyasoma yaliyofunuliwa katika Kitabu na kushika Sala.

Juzuu ya 22 ni zaidi. Ya Kihindi inaishia aya ya 21 ya Yaasin, ya 23 ya Madina inaanzia aya ya 28. Zinapotea aya sita za sura ambayo nusu ya waliokaa kwenye jamvi wanaihifadhi, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kila mmoja kainamia juzuu yake. Aya sita hizo ni za yule mtu aliyewanasihi watu wake, akaambiwa ingia Peponi, naye akatamani laiti watu wake wangelijua namna Mola wake alivyomsamehe. Yaani katika hitima ya kijana, maneno yaliyoanguka ni ya marehemu kuwaambia wenziwe.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa si kama ana punguzo. Muulizeni kama huuza juzuu moja moja za chapa hiyo hiyo, na kama mwakani atakuwa nazo. Wengi hawauzi rejareja. Wanaouza wana thamani kuliko wenye sanduku zuri. Anayejibu kuwa juzuu ni juzuu, zote sawa, huyo muagane naye vizuri.

Njia ya akiba ipo, na si ghali. Ndani ya sanduku hilo hilo, mgawo wa mwisho, tieni msahafu mmoja mzima wa chapa hiyo hiyo. Juzuu yoyote ikipotea, msomaji anachukua msahafu na kufungua palipotoboka: ya 22 iko ukurasa wa 422 mpaka 441, ya 20 iko 382 mpaka 401. Hakuna aya itakayoruka, na mtapata muda wa kutafuta juzuu ya kweli bila haraka. Mwambieni seremala kuhusu msahafu huo mapema, maana ni mnene na ni mzito kupita juzuu nyingi pamoja, na mkisahau kumpimia, kifuniko hakitafunga.

Kwa jumla tunalipa nyota nne sanduku la Madina la kushonwa kwa uzi, lenye ukurasa wa 121 kote kuwili, lililohamishiwa kwenye mbao. La pini ndani ya ngozi bandia tunalipa mbili, na hizo mbili ni za nia ya wanunuzi. Mwezi wa Mlisho, yaani Shaabani, ndio wenye hitima nyingi na ndio wenye uhaba. Mkitaka kuchagua, nendeni mapema, wiki kadhaa kabla.

Kuhusu ule msahafu wa akiba, yako madarasa yanayotia msahafu wa marehemu mwenyewe, ule aliokuwa akienda nao chuoni, wenye alama yake ya penseli pale alipofikia. Ukiwa wa chapa moja na juzuu, hakuna unaofaa zaidi yake. Lakini autoe mama yake kwa kupenda. Asipoutaja, msiuulizie, nunueni mwengine, na hakikisheni una kurasa 604.